Msalaba wa Tisa

Mimi ni mtu wa hasira, na nilifundisha hesabu miaka thelathini na nne hapa Likasi. Weka mambo hayo mawili pamoja na utaelewa kwa nini wanafunzi walikuwa wakivuka barabara wakiniona. Mtoto akisahau kubeba moja katika kujumlisha, nilimtazama kama amevunja dirisha la kanisa. "Maître Symphorien anauma," walisema. Nilikuwa nauma kweli. Sasa meno yamebaki tisa, na hakuna wa kumuuma.

Nakaa Kikula, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi zilizojengwa mbilimbili, paa moja, ukuta mmoja katikati. Upande huu ni mimi. Upande wa pili alikaa Damas. Wake zetu wote wawili tuliwazika, wake Mélanie kwanza, wangu Adrienne baadaye, na watoto wametawanyika kila mmoja na mji wake. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Nilimsikia Damas akikohoa, nilimsikia akifunika sufuria ya bukari, ugali wetu wa huku, nilimsikia akiburuta kiti kwenda mlangoni jua likipungua. Naye alinisikia mimi. Miaka mitano tulisikiana hivyo bila hata kupeana salamu. Watu wanadhani upweke ni kukaa mahali pasipo na mtu. Wapi! Jaribu kukaa na rafiki yako nyuma ya tofali moja, ukipiga chafya anasikia, na hasemi kitu.

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili usijisumbue kulitafuta.

Damas hakuwa mwalimu. Alifanya kazi Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme, miaka ishirini na minane. Kazi yake ilikuwa kusoma vipimo: maji yamefika wapi, mashine inatoa kiasi gani, na kila saa kuandika namba hizo katika kitabu. Shule aliishia darasa la sita. Lakini alizipenda namba, na alipostaafu na kuhamia mlango wa pili, alianza kuja kwangu jioni na kiti chake na daftari lake. "Maître, unifundishe kidogo." Nikamfundisha. Nilikuwa nimechoka na watoto wasiotaka kujifunza, kumbe mwanafunzi wangu bora alikuwa mzee mwenye mvi.

Nilimfundisha namba tasa, zile ambazo darasani tuliziita kwa Kifaransa nombres premiers. Ni namba isiyogawanyika na namba yoyote ila moja na yenyewe. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Kumi na tano si tasa, maana tatu inaingia mara tano. Nikamwonyesha kwamba ukitaka kujua kama namba kubwa ni tasa, huna haja ya kujaribu kila kitu. Jaribu namba tasa peke yake, moja baada ya nyingine, mpaka ufikie ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yako. Ukifika hapo na hakuna iliyoingia, basi haitaingia hata moja. Damas akakuna kidevu, kisha akasema, "Kumbe iko na mwisho!" Akacheka peke yake kwa furaha. Katika miaka thelathini na nne sikuwahi kumwona mtu akifurahia kanuni ile namna hiyo.

Sasa, barazani, upande wake, kulikuwa na mita ya umeme, moja tu kwa nyumba zote mbili. Juu yake kibati kidogo kilichogongwa namba: 15 485 863. Damas alikuwa akikitazama kila jioni. Siku moja akaniuliza, "Maître, hii namba yetu shiye wawili, iko tasa ao haiko?"

Nikacheka. Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Ulikuwa utani, maana kwa namba ya ukubwa ule lazima ujaribu namba tasa zote mpaka 3931, na ziko mia tano arobaini na sita. Kugawanya mara mia tano arobaini na sita, kwa kalamu! Kesho yake alikuja na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza aliandika namba kubwa, chini yake mbili, tatu, tano, saba, na mbele ya kila moja baki lake.

Kazi ile ilimchukua miezi minane. Katikati ya miezi hiyo Adrienne wangu aliugua, akafa. Hilo sitalieleza. Nitasema tu kwamba Damas alichota maji yangu pamoja na yake, akaleta bukari akaiweka mezani, akakaa pembeni na daftari lake akigawanya bila kusema neno. Na mimi, badala ya kushukuru, nilimwona kama mtu anayechezea hesabu wakati nyumba yangu imeungua.

Jumapili moja, baada ya misa, tulikuwa na mkutano wa jumuiya katika chumba cha katekisimu. Watu kama arobaini, wazee na akina mama. Mwisho wa mkutano Damas akaomba neno. Alisimama, amevaa koti lake la harusi, daftari kifuani. "Wandugu, niko na habari. Namba ya mita yetu haigawanyike. Nimefanya zote mia tano arobaini na sita. Iko tasa." Watu hawakuelewa hata nusu, lakini uso wake uling'aa, wakampigia makofi.

Nikaona wivu. Ndiyo, wivu, sina jina jingine. Mtu wa darasa la sita amefanya jambo ambalo mimi mwalimu wake nisingelithubutu. Nikasimama. Nikasema, "Tuone."

Damas akaninyooshea daftari ili ninakili namba. Nikalisukuma. "Namba ya ukuta wangu mwenyewe, nisiijue?" Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwa kichwa: 15 458 863.

Umeona? Kama hukuona usione haya. Watu arobaini hawakuona, na mimi niliyeandika sikuona.

Sasa lazima nikueleze msalaba wa tisa, kwa sababu ndio ulionitia kiburi. Kila aliyesoma shule hapa kwetu anaujua: preuve par neuf. Ukimaliza hesabu unachora mistari miwili iliyopishana. Unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja, unaziweka katika pembe za msalaba, na zikikubaliana, hesabu yako ni safi. Nimewachapa watoto kwa kusahau msalaba huo. Basi pale ubaoni nikajumlisha tarakimu zangu: moja na tano na nne na tano na nane na nane na sita na tatu, arobaini, nne na sifuri, nne. Na Damas, kwa kuwa nilimfundisha vizuri, alikuwa ameandika nne yake pembeni ya namba katika ukurasa wa kwanza. Nikalinyakua daftari lake, nikaliinua watu walione. "Nne na nne! Namba ni ileile, hakuna cha kubishana."

Kisha nikagawanya kwa saba. Saba, wandugu! Haikuwa elfu tatu mia tisa na kitu. Nikashuka tarakimu kwa tarakimu, chaki ikilia ubaoni, na mwisho ikabaki sifuri. Mara 2 208 409 kamili. Nikachora msalaba, ukakubali. Nikageuka kwa watu. "Miezi minane! Miezi minane, na saba imemushinda! Mutoto wa darasa la tatu angeiona!" Nikacheka. Watu wote wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ubao, machozi yananitoka.

Damas alitazama ubao. Akafungua kinywa. Akanitazama mimi, akakifunga. Akachukua daftari lake mkononi mwangu, taratibu, akatoka.

Jioni ile hakuja na kiti chake. Wala kesho yake. Mimi nilingoja aje akiri, maana kwangu kanuni ilikuwa wazi: aliyekosea ndiye anayekuja mezani kwa mwalimu. Wiki ikapita, nikasema ana kichwa kigumu. Mwezi ukapita, nikasema basi, shauri yake. Barazani upande wake sikukanyaga tena. Tukikutana kanisani yeye alikaa kulia, mimi kushoto. Niliporudi nyumbani nilisikia ufunguo wake ukigeuka, dakika tano baada ya wangu, na nilikaa kimya nisikie kama atasema chochote, hata na nafsi yake. Mungu wangu, jinsi nilivyokuwa nataka aseme chochote!

Mwanzoni mwa mwezi huu akaja fundi wa umeme, Pitshou, kubadilisha mita za mtaa mzima. Damas alikuwa amelala, basi akaniita mimi nitie sahihi kwenye karatasi kwamba mita ya zamani imeondolewa. Nikasoma namba aliyoandika. 15 485 863.

"Umekosea," nikamwambia. "Ni 458. Andika vizuri."

"Hapana, Papa."

"Nimefundisha hesabu kabla hujazaliwa!"

Pitshou hakubishana. Alikuwa ameshika mita mkononi. Akakifuta kibati kwa kidole gumba, akakisogeza mbele ya macho yangu. Nne, nane, tano.

Nilitia sahihi. Nikaingia ndani, nikakaa mezani, nikagawanya kwa saba. Mara 2 212 266, inabaki moja. Nikarudia. Inabaki moja. Basi moja ile ilikuwa katika daftari la Damas tangu siku ya kwanza, mstari wa nne, nami sikuitazama.

Na msalaba? Msalaba haukudanganya, mjinga ni mimi. Msalaba unajumlisha tarakimu tu, haujui ipi imetangulia. Nane na tano ni kumi na tatu. Tano na nane ni kumi na tatu. Geuza namba utakavyo, nne itabaki nne. Jambo hilo nililijua tangu ujana na sikuwahi kuwaambia watoto, maana lingenipunguzia heshima ya msalaba wangu. Halafu fikiria: mtu aliyeandika vipimo vya maji kila saa kwa miaka ishirini na minane, angegeuza tarakimu mbili? Nani kati yetu alikuwa na kazi ya kutogeuza tarakimu?

Ningepaswa kutoka saa ileile. Mlango wake uko pale. Lakini mimi ni Maître. Nikasema siendi kuomba radhi mikono mitupu. Nitafanya zote mia tano arobaini na sita mimi mwenyewe, kisha nitaliweka daftari mapajani mwake niseme, haya, nimehakikisha, ulikuwa na haki. Nilijiambia hiyo ndiyo heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Wiki hiyohiyo binti yake Sylvie, aliyeolewa Kakanda, alikuja kumwona, akapita kwangu kunisalimu. "Papa Symphorien, mwisho wa mwezi nitakuya kumukamata Baba, akae kwangu. Macho imeisha, haone tena. Hawezi kubakia hapa yeye peke." Nikamjibu ni vizuri. Alipoondoka nikafanya hesabu: mia tano arobaini na sita kwa ishirini na tano kila siku, siku ishirini na mbili. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku ishirini na nne. Nikasema inatosha, na hata inabaki mbili.

Nikaanza. Asubuhi baada ya chai mpaka mchana, tena baada ya chakula mpaka macho yaume, nikitamka kila baki kwa sauti kama darasani. Zikafika mia, zikafika mia mbili. Nilipokuwa nagawanya nilimsikia akipapasa ukuta kwa mkono, akitafuta njia ya kwenda mlangoni. Kabla ya Sylvie kuniambia sikujua kwamba sauti ile ilikuwa ya mtu asiyeona. Nilidhani anapanga vitu vyake. Nilitaka kupiga kelele, Damas, ningoje, nakuja! Nikainama tena juu ya karatasi.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, nilikuwa nimefika 2741. Ni namba tasa ya mia nne katika safu. Nikasikia gari linasimama nje, milango inafunguliwa, sauti ya Sylvie. Nikachungulia. Vifurushi vilikuwa vinatoka. Nikatoka mbio mpaka kwenye ua. "Sylvie! Haukusema mwisho wa mwezi?"

"Gari ya shemeji ilipatikana leo, Papa. Ya mwisho wa mwezi sijui kama itakuwako."

Zilibaki mia moja arobaini na sita. Siku sita za kazi, na gari linangoja. Nikarudi ndani, nikampigia mjukuu wangu Arlette, anayesoma chuo kikuu Lubumbashi. Nikamsomea namba, tarakimu moja moja, nikamfanya airudie mara tatu.

"Kambo, attends, ngoja kidogo," akasema. Kwetu ndivyo wajukuu wanavyotuita, Kambo. Nikasikia vidole vyake vikigonga. Haikufika hata pumzi mbili. "Iko premier."

Pumzi mbili! Mimi siku kumi na sita, Damas miezi minane. Nilikasirika nikataka kukata simu.

"Ngoja, Kambo, kuko kintu ingine hapa. Ukizipanga nombres premiers zote, mbili ya kwanza, tatu ya pili, tano ya tatu, hii yako njo ya milioni moja. Juste. Un million."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikachukua daftari langu lisiloisha, nikatoka.

Damas alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti, macho yameingia ukungu mweupe. Amekonda. Sikujua amekonda. Nilisimama mbele yake.

"Maître," akasema. Alinitambua kwa mlio wa miguu yangu.

"Damas, namba yako ni tasa. Minye njo nilikosea."

Akazungusha fimbo kati ya magoti. Kisha akaniuliza, "Umefika wapi?"

"2741."

"Bado mia moja arobaini na sita," akasema papo hapo. Alikuwa na orodha nzima kichwani.

"Arlette ameangalia kwenye mashine. Na kuna jambo jingine. Ukizipanga zote tangu mbili, hii ni ya milioni moja. Kamili, haizidi, haipungui."

Uso wake ukafunguka. "Ya milioni moja! Ile ya ukuta wetu?" Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akapangusa mdomo. "Na minye nilikuwa naiona kila siku iko yenyewe peke."

Nikachuchumaa ili nisiseme kutoka juu. "Siku ile ubaoni niliandika hamsini na nane pahali pa themanini na tano."

"Najua."

Nilidhani hajanielewa. "Unajua nini?"

"Najua uliandika hivyo. Niliona palepale siku ile. Macho ilikuwa ingali muzuri. Nilisema, ah, Maître amegeuza. Nikafungua kinywa nikuambie."

"Na juu ya nini haukuniambia?" Sauti yangu ilipanda, hasira ya zamani ikanijia, sijui namkasirikia nani. "Watu arobaini walikucheka! Miaka mitano, Damas!"

"Ulikuwa unacheka," akasema.

"Ndiyo, nilikuwa nakucheka weye!"

"Ulikuwa unacheka," akarudia, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Adrienne alikuwa na miezi mine tangu tumuzike. Miezi mine, Maître, kila siku nilisikia unalia. Nilikuwa nikileta bya kulya, hauongee. Ile Jumapili njo siku ya kwanza nilikuona na kucheka. Nikasema, acha acheke. Kesho atapita mbele ya mita, ataona, atakuya kwangu, na tutacheka wote wawili."

Sylvie alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mbili mikononi, hajui aingie au atoke.

"Nikangoja," akasema Damas.

"Mpaka lini?"

Alifikiri. Mtu wa vipimo, hakupenda kujibu bila uhakika. "Hata leo asubuhi nilikuwa bado," akasema.

Nilimshika mkono wa kulia, Sylvie wa kushoto, tukamtembeza mpaka kwenye gari. Nililia njia nzima mbele ya majirani, na sikujificha. Alipokaa kwenye kiti nilimwomba anisamehe, akasema, "Ile ni mambo ya zamani," na akatafuta bega langu kwa mkono mpaka akalipata. Aliuliza kama nakula vizuri. Kisha shemeji wa Sylvie akawasha gari, kwa kuwa njia ya Kakanda ni mbovu na walitaka kufika jua halijawa kali.

Nilibaki barabarani mpaka vumbi likatua. Pitshou alipita na ngazi yake akanisalimu, nikamwitikia. Baadaye nikarudi ndani, kwa sababu sikuwa na pahali pengine pa kwenda.